Unga wa Wageni

Nikiulizwa kwetu ni wapi hujibu Kasanga, na kama aliyeuliza si mtu wa Rukwa atasema, "Aa, Sumbawanga huko." Naitikia, yaishe. Lakini Sumbawanga iko juu, kwenye nyanda za baridi na upepo, na sisi tulikuwa chini, kwenye joto, mlima mgongoni na Ziwa Tanganyika mlangoni. Mtu wa Sumbawanga akishuka kwetu alivua sweta njiani. Ofisi zote zilizoamua mambo yetu zilikuwa huko juu, kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba serikali ni watu wenye sweta begani.

Tulikuwa na gati, na gati ndilo lililotufanya tujiite mji. Bila gati tungekuwa kijiji cha wavuvi kama vingine vya ufukweni. Walungu walikuwa wenyeji wa ziwa, wakivua migebuka na dagaa. Sisi Wafipa tulishuka kutoka juu na ulezi wetu, majembe yetu na adabu zetu nyingi, tukalima kwenye miteremko. Watu wa Kongo walivuka na vitenge na mafuta ya mawese. Wengine walikaa wiki, wengine wakaoa na kuzikwa kwetu. Maduka na lori vilikuwa vya familia za Kiislamu, ambazo siku ya Idi zilitugawia pilau bila kuuliza dini ya mtu. Mwalimu mkuu, muuguzi na mtu wa forodha walikuwa watu wa Mbeya. Hao walikaa nyumba za bati, waliimba kanisani kwa sauti nne, na walipokea mshahara mwisho wa mwezi, jambo ambalo sisi wengine tulilisikia tu.

Kazi za mji zilikuwa kuvua, kulima, kupakia na kupakua. Zilikuwepo na nyingine, za mtumbwi unaoondoka bila taa na za pombe inayochemka nyuma ya nyumba, ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyezitaja. Miaka hiyo ya ujamaa sabuni na sukari zilikuwa za kusikia kwa jirani. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu na majembe machache yaliyopangwa kwa kuachana ili rafu isionekane tupu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu tulikuwa hodari sana wa kupanga rafu, na hodari kuliko wote alikuwa baba yangu.

Baba alilima, na meli ikija alipakia magunia gatini pamoja na wanaume wengine. Lakini ukimuuliza kazi yake alisema yeye ni balozi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani mtu wa kwanza wa Chama katika nyumba zetu kumi, na aliuvaa ubalozi huo hata akiwa kifua wazi chini ya gunia la mahindi. Ugomvi wa kuku uliletwa kwake. Mgeni aliyelala nyumba yoyote aliletwa kwake kwanza, aamkiwe.

Kuamkia kwetu si jambo dogo. Mfipa akikutana na mtu atauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mifugo, atapiga makofi taratibu, atainama, na kila swali litajibiwa nzuri. Nzuri ndiyo inayotangulia. Hata msiba ukiwa ndani utasema, "Nzuri, ila bibi ametutoka jana." Mgeni hapokelewi kwa shida zako. Na chakula ukishamwekea, hasikii kimetoka wapi wala kimekusumbua vipi, maana akijua hakitamshuka. Haya baba hakutufundisha kwa maneno. Alitufundisha kwa kututazama.

Mama alikuwa mtu wa Mwimbi, huko juu, na alikuwa na jiwe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe la kusagia, lakini nasema mama alikuwa na jiwe kwa sababu maisha yake yalikuwa pale. Lilikuwa jiwe pana lililolala jikoni kwa kuinama kidogo, limechimbika katikati kwa miaka ya kusaga, na juu yake jiwe dogo la kushika kwa mikono miwili. Alipiga magoti kabla ya jua kuchomoza, akamimina ulezi, akasukuma mbele, akavuta nyuma. Magoti yake yalikuwa na sugu nyeusi. Bega lake la kulia lilianza kumuuma nikiwa mdogo na halikuacha. Mwaka ule ninaouzungumzia alikuwa hawezi tena kuinua mkono ule kujisuka, na mimi ndiye niliyemsuka.

Unga wa jiwe una mchanga. Jiwe hulika, na kinacholika kinakwenda kwenye ugali. Tulikula hivyo na hatukuona ajabu. Ila mama alikuwa ameona mashine. Mwimbi ilikuwepo mashine ya kusaga, na kila aliporudi kumsalimu kaka yake alikwenda kusimama pale mlangoni, hata kama hana cha kusaga. Alikuwa akitusimulia, na katika simulizi zote alirudia kitu kimoja, kwamba unga wa mashine unatoka wa moto. "Unaweka mkono," alisema, "unakuta wa moto kama umetoka juani." Mama hakuwa mtu wa kutamani vitu. Hicho alikitamani, na alikitamani mbele ya watu bila haya.

Siku moja tukaitwa wote mkutanoni kwenye darasa la shule. Mwenyekiti wa kijiji, maana kwa wakubwa sisi tulikuwa kijiji bado, alisema kuna mashine moja ya kusaga itakayopewa upande wetu. Itawekwa kwetu, au itawekwa kijiji cha juu, pale unapomaliza kupanda mlima. Kabla ya kuamua, wageni wa mipango watashuka kutoka Sumbawanga kuandika hali ya kila mahali: watu ni wa namna gani, wanaishi kwa kazi gani, wana nini, wanakosa nini. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikuwa amekaa chini kwenye saruji, nikamwona ameshika bega lake kwa mkono wa kushoto, anacheka peke yake.

Wageni wangekula wapi? Kwa balozi aliye karibu na gati. Kwetu.

Baba hakulala vizuri tangu siku ile. Alikwenda kuazima viti kwa mwenye lori, mzee mmoja Mwislamu aliyemheshimu sana, akaazima na vikombe. Kitambaa cha meza alikitoa muuguzi. Meza yenyewe ilitoka shuleni. Ua ulifagiwa mpaka ukawa na mistari ya ufagio, na sisi watoto tukakatazwa kuukanyaga. Nyumba yetu ilipendeza hata nikaona aibu kuingia. Mimi nilidhani hayo yote ni sawa. Mgeni njoo mwenyeji apone, tuliimba hivyo shuleni, na kupona kwetu kulikuwa kunakuja kwa gari la serikali.

Kisha baba aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kuingia, akachota unga kwenye ungo wa mama, akausugua kati ya vidole.

"Unga huu una mchanga," alisema.

"Una mchanga kwa sababu ni wa jiwe," mama alijibu. "Si ndicho wanachokuja kuangalia?"

"Wanakuja kuangalia. Hawaji kutafuna."

Nilikuwa nakoka moto, nikainama zaidi kwenye mafiga ili nisionekane nasikiliza. Baba aliongea kwa upole kabisa, maana hakuwa mkali. Alisema mtu mzima ametoka Sumbawanga, ana cheo, ana familia, utamwekea mchanga mdomoni? Atakwenda kusema nini huko kwao, kwamba Wafipa wanalisha wageni changarawe? Kesho yake debe la ulezi na mahindi likapandishwa lori kwenda Mwimbi, na siku ya tatu likarudi unga.

Nataka kuwa mkweli kuhusu mama, maana nimezoea kumtetea. Unga ule ulipofika aliufungua mwenyewe. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akatazama vumbi lile laini kwenye ngozi yake. Ulikuwa umepoa zamani. "Lakini ni wenyewe," alisema, na hakubishana tena. Nadhani na yeye alitaka nyumba yake, kwa siku moja, itoe ugali usio na kelele mdomoni.

Walikuja wawili na dereva wao. Mkubwa alikuwa mtu mnene wa Mbeya mwenye sauti ya taratibu. Watu walimwita Bwana Mipango, kama walivyosema Bwana Shamba au Bwana Afya, na mimi sikupata kumjua kwa jina jingine. Karani wake aliandika. Niliwaamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti, wakaitikia marahaba, na sweta zao zikatundikwa migongoni mwa viti vya watu.

Bwana Mipango alimwuliza baba habari za mji, na baba alizijibu vizuri mno. Namkumbuka hivyo, amekaa wima kwenye kiti cha kuazima, anautaja mji wetu sehemu kwa sehemu, na hata mimi niliyezaliwa pale nilitamani kwenda kuishi huko. Wavuvi wanavua. Wakulima wanalima kwa bidii, shamba la kijiji liko mbele. Biashara na ng'ambo inakwenda kwa utaratibu wa serikali. Watoto wote wako shule. Maji? Ziwa hili hapa, ndugu. Sukari? Tunapata kwa zamu. Kila jibu lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, kama nyama kwenye mchuzi wa wengi. Kwenye nyumba nyingine walizopita asubuhi ile nako walipokewa hivyo hivyo. Nilisikia baadaye kwamba hakuna hata moja iliyosema hatuna. Ndiyo kwanza wameingia, utawaanzaje na hatuna?

Chakula kikaja. Nilileta birika na beseni, nikapiga magoti mbele ya Bwana Mipango nikimmiminia maji. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na bakuli la mgebuka wa kuchemsha, anasubiri nitoke ndipo aingie. Yule mtu alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akala. Akamega jingine. Kisha akamtazama baba, na kwa nia njema kabisa akasema, "Ndugu Balozi, ugali wenu laini sana. Unga huu mnasaga wapi?"

Ninaweza kuchora pale mahali mpaka leo. Nilikuwa na birika mkononi. Baba alikuwa na tonge nusu ya njia. Angeweza kusema Mwimbi. Neno lenyewe ni fupi. Lakini kusema Mwimbi kungekuwa kumwambia mgeni, tena mdomo umejaa, kwamba kwa ajili yako tumetuma debe kwa lori mpaka juu ya mlima. Ingekuwa kumnyang'anya tonge.

"Hapa hapa tu, ndugu," baba alisema.

"Kwa hiyo kusaga si tatizo kubwa hapa."

"Hatujambo. Tunashukuru."

Mfipa yeyote angesikia hatujambo ile na kujua ni salamu, si jibu. Angengoja, angenyamaza, angeuliza tena mara ya tatu akiwa anaaga, na hapo ndipo angeambiwa. Bwana Mipango aligeuka kwa karani wake, na karani akaandika. Nikainua macho nikamwona mama. Hakuwa amekunja uso. Aliingia, akaweka bakuli mezani kwa mikono miwili, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akasema karibuni, akatoka. Bega lilikuwa limemshuka upande mmoja.

Walipoondoka baba aliwasindikiza mpaka kwenye gari, kisha mpaka kwenye kona, kisha mpaka mahali gari linapoanza kupanda. Alirudi amefurahi. "Wamekula," alisema. "Wamekula vizuri." Mama alikuwa anakung'uta kitambaa cha muuguzi.

Mashine ilishushwa kijiji cha juu baada ya mavuno. Sisi tuliambiwa na dereva wa lori, ambaye hakujua anasema nini. Alisema tu kwamba pale juu wanajenga kibanda na wanawake wanaimba. Habari ilifika gatini, kutoka gatini ikafika ufukweni tulikofulia, na jioni hiyo hiyo ilikuwa imejulikana kwamba Bwana Mipango aliuliza unga unasagwa wapi, na kwamba balozi alijibu hapa hapa. Sijui nani alisema. Dereva wao alikuwa amekula pamoja nao, na vijana walikuwa wakichungulia. Mji mdogo hauna ukuta.

Watu hawakumjia baba kwa maneno makali. Wafipa hawafanyi hivyo, na Walungu walitucheka tu. Lakini mama mmoja ufukweni aliniita kwa upole, akasema, "Mwanangu, mwambie baba nimeishiwa unga. Nataka ule wa hapa hapa." Wenzake wakainamia nguo zao. Mwingine, mzee, akasema bila kunitazama, "Mficha uchi hazai," akaendelea kupiga shati lake kwenye jiwe. Shuleni nikawa Hapa Hapa. Mwalimu akiuliza nani hajaleta kuni, mtu nyuma anasema Hapa Hapa, na darasa zima linakohoa. Nilikuwa nakwenda kuteka maji saa za jua kali ili nisikutane na mtu. Nilimchukia baba. Siyo kwa sababu alidanganya; nilimchukia kwa sababu alidanganya kwa uungwana, na sikuweza kumwelezea mtu yeyote kwamba ule ulikuwa uungwana.

Hao wote waliotucheka walikuwa na majibu yao ya asubuhi ile, kila mmoja na nzuri yake. Nililijua hilo na halikunisaidia. Unga ulikuwa wa kwetu.

Mama alirudi kwenye jiwe. Kwa kweli hakuwa ameondoka, lakini sasa kusaga kwake tulikusikia. Zamani ilikuwa sauti ya asubuhi tu, kama jogoo. Sasa alfajiri nilifungua macho nikasikia jiwe likienda, likirudi, likisimama kidogo pale bega linapokamata, likienda tena, na upande wa pili wa ukuta nilijua baba naye yuko macho, kwa sababu alikuwa anakoroma siku zote na wakati huo hakoromi. Baba alianza kupita njia ya nyuma kwenda gatini. Ugomvi wa kuku ukaanza kupelekwa kwa balozi mwingine.

Mvua zilipoanza, meli ilichelewa. Ilikuwa inachelewa mara nyingi, lakini mara hiyo iliwaacha abiria wamekaa gatini wakinyeshewa, na mmoja wao alikuwa Bwana Mipango, anakwenda Kigoma kwa shughuli zake. Baba alimwona akiwa amejikunyata chini ya turubai la magunia. Mtu mwingine angepita. Baba alimwamkia habari zote, za nyumbani, za watoto, za safari, kisha akamchukulia begi lake akamleta kwetu.

Hakukuwa na kiti cha kuazima siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda. Mama alimwamkia, akaingia jikoni, na mimi nikamfuata, nikamwona anachota unga wa jiwe kutoka kwenye ungo. Akaunyanyua ule ungo kidogo kama anataka kuupepeta, kisha akautua. "Koroga," aliniambia. Nilikoroga. Kila mwiko ulipogusa sufuria nilisikia ule mchanga chini.

Bwana Mipango alimega, akachovya, akatia mdomoni. Sote tulisikia. Ni sauti ndogo lakini katika chumba chenye watu wanne walionyamaza haifichiki. Alisimamisha taya, akaendelea, akameza. Na kwa sababu alikuwa mtu mwenye malezi, alisema, "Ugali mtamu, mama. Asante sana."

Mama alikuwa amepiga magoti karibu na mlango. "Si mtamu, baba," alisema. "Una mchanga."

Baba aliinua kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwahi kumsikia mwanamke yeyote wa kwetu akimkatalia mgeni sifa ya chakula. Nilimwonea mama aibu kali, kali kuliko ile ya ufukweni, na nilitaka mtu amfunike.

"Ni wa jiwe," mama aliendelea, sauti ile ile ya kuamkia watu. "Hapa wote tunasaga kwa jiwe. Ule wa siku ile ulitoka Mwimbi. Tulituma kwa lori kwa ajili yako."

Yule mtu aliweka tonge lake chini. Alimtazama baba, si kwa hasira. "Ndugu," alisema, "mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni," baba alisema.

Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa. Bwana Mipango alifuta mkono kwenye goti, akasema kwamba mashine ikishajengewa haihamishwi, na kwamba ijayo hajui itakuja lini, pengine asiwepo yeye. Alisema hayo akiwa anamtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema sawa baba, hatukukuita kwa hilo, ulikuwa unanyeshewa. Kisha, na hili nampa heshima yake, yule mtu alichukua tonge aliloliweka chini akaendelea kula mpaka sahani ikabaki tupu, na kila tonge tulilisikia. Meli ilipopiga honi baba alimbebea begi mpaka gatini.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi ya kweupe, baba alimwambia mama asisage. Akamimina ulezi kwenye gunia, akafunga mdomo kwa kamba, akalitia begani. Lazima nieleze jambo hili kwa asiyetoka kwetu. Baba alikuwa anabeba magunia gatini siku zote, na hakuna aliyemcheka, maana ule ulikuwa mzigo wa meli na wa wanaume. Nafaka ya kusaga ilikuwa ya kichwa cha mwanamke. Mwanaume wa miaka yake, tena balozi, kupita katikati ya mji na ulezi wa mkewe lilikuwa jambo la kutokea nje kutazama, na watu walitoka. Niliambiwa nimfuate nikasaidie kushika gunia kwenye foleni.

Hakupita njia ya nyuma. Alipita mbele ya maduka, mbele ya shule, mbele ya gati lenyewe.

"Balozi," wenzake walimwita wakiwa wamekaa juu ya mizigo, "meli imehamia mlimani?"

"Naenda kusaga," baba alijibu. "Kwetu hakuna mashine."

Mwenye lori alisimama dukani kwake akamwamkia kwa heshima, akamwuliza safari ya wapi, akasema lori linapanda kesho, angoje. Baba akamshukuru. "Leo nakwenda kwa miguu. Kwetu hakuna mashine," alisema. Mama wa ufukweni alikuwa mlangoni kwake. Hakuuliza lolote, na baba alimwambia hivyo hivyo. Alimwambia na mtoto mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi. Mimi nilibaki nyuma kidogo kidogo, hatua zangu zikawa fupi, mpaka ikawa kama baba na mimi ni wasafiri wawili wasiojuana. Kila mtu pale alijua mimi ni wa nani.

Njia ya mlimani ni ndefu na ina kona nyingi, na kwenye kila kona alikuwa ananingojea bila kugeuka. Nikikaribia, anaendelea. Jua lilipopanda tulikuwa tumefika juu kabisa, penye upepo, na sauti ya mashine ilikuwa inasikika mbali. Ilikuwa kama ile niliyosimuliwa na mama, ikiunguruma ndani ya kibanda kipya cha matofali, na foleni ya wanawake imezunguka mpaka barabarani. Walimtazama baba. Akatua gunia nyuma ya wa mwisho, akasimama, jasho limemlowesha shati.

Mzee mmoja wa pale, amevaa sweta, alitoka kwenye kivuli cha kibanda kuja kumpokea mgeni inavyostahili. Alipiga makofi taratibu, akainama kidogo. Wanawake wote wakanyamaza ili salamu ipite.

"Habari za huko chini?" aliuliza.

Baba naye alipiga makofi yake, akainama. Nilikuwa nimekwisha kuisikia ile nzuri kabla hajafungua mdomo, maana sijawahi kusikia jibu jingine kwa swali lile, kwake wala kwa mtu yeyote.

"Si nzuri," baba alisema. "Mke wangu bega limekufa kwa jiwe. Mashine hii ilikuwa ije kwetu, mimi nikaizuia."

Wanawake wa foleni waligeuka kutafuta amekuja na nani. Niliinama haraka, nikashughulika na miguu yangu kana kwamba nafunga kamba za viatu. Sikuwa na viatu.